Kitabu Nilichokikana Barazani

Mama alinisimulia habari za bibi yake tukichambua maharage nyumbani kwake kijijini Kate, mwezi wa saba, majira ambayo upepo wa Ufipa unaingia hadi kwenye mifupa. Nilikuwa nimetoka Sumbawanga na swali moja tu. Parokia yetu ilikuwa inajiandaa kwa jubilei, na mimi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwandiko wangu unasomeka, nilipewa kazi ya kuandaa kijitabu cha historia. Katika makaratasi niliyokabidhiwa, mapadri wa kwanza walikuwa na majina, makatekista wa kwanza walikuwa na majina, kisha yalifuata maneno manne: "pamoja na wake zao." Nikamuuliza mama kama anamjua hata mmoja wa hao wake. Aliendelea na maharage yake. Kisha akasema, kwa Kifipa, kwamba mmoja wao alikuwa bibi yake, na kwamba bibi huyo hakuwa Mfipa.

Alitoka ng'ambo ya ziwa. Aliletwa na msafara wa watumwa akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Njiani mama yake alikaa chini, hakuinuka tena, na mtoto akavutwa akaendelea. Mapadri walimnunua ufukweni kwa vitambaa, yeye na watoto wengine, wakamlea misheni, wakambatiza. Alipopevuka, wasichana walipangwa mstari upande mmoja wa uwanja wa kanisa, wavulana upande wa pili, wote watu wa kununuliwa, na kila mvulana akaonyeshwa mke wake. Ndoa zikafungwa asubuhi hiyo hiyo. Baadaye yeye na mumewe walitumwa kupanda huku juu, wakapewa ardhi Kate. Mume akafundisha katekisimu. Mke akalima, akazaa, akazeeka, akafa wakati mama yangu ni binti wa kuchota maji peke yake.

"Hakupenda kusimama kwenye mstari," mama akaniambia. "Hata komunyo alingoja wote wamalize, ndipo aende."

Hayo hayakuingia kwenye kijitabu cha jubilei. Kamati ilitaka kurasa nane, na sita zilikuwa picha. Lakini niliporudi nyumbani kwangu Chanji, mjini Sumbawanga, nilinunua daftari kubwa la jalada gumu, nikaandika sentensi ya kwanza ya riwaya. Sikuwahi kuandika riwaya. Nilikuwa nimesoma Biblia, vitabu vya shule, na hadithi nilizozikuta kwenye kabati la chuo cha ualimu. Nilidhani kazi hiyo ingenichukua likizo moja.

Ilinichukua miaka minane. Niliandika alfajiri kabla ya zamu ya shule, na Jumapili baada ya misa. Nilikwenda hadi ziwani kuwauliza wazee namna mitumbwi ilivyokuwa ikitengenezwa zamani, nikarudi na mafua na kurasa mbili. Kila nilipofika Kate nilimwuliza mama jambo jipya: bibi alivaa nini, aliimba nini, aliogopa nini. Mama alijibu kwa kifupi, mara nyingi huku akifanya kazi nyingine. Swali moja hakulijibu kamwe, la kama bibi yake alimpenda babu. Nikalijibu mwenyewe kitabuni, na huenda hapo ndipo nilipoanza kukosea.

Madaftari yalipofika sita nikampelekea dada mmoja mwenye steshenari mjini, akachapa kwenye kompyuta kwa muda wa miezi mingi, kati ya barua za maombi ya kazi na kadi za harusi. Nikatuma kwa wachapishaji wawili Dar es Salaam. Mmoja hajanijibu hadi leo. Wa pili alinipigia simu mwenyewe, mwanamume mwenye sauti ya upole, akaniambia kwamba lugha yangu ni nzuri lakini riwaya hainunuliwi mpaka iingie kwenye mtaala, na riwaya ya dini haiwezi kuingia kwenye mtaala. Akaniuliza kama sina kitabu cha mazoezi ya hisabati, darasa la nne hivi. Nikamshukuru. Nilikuwa nimesimama kwenye baraza ya shule, watoto wanapita na fagio zao, na niliendelea kushukuru hata baada ya simu kukatika.

Nikaona basi, kama hakuna mchapishaji, Kanisa litasaidia. Nikapeleka mswada kwa padri mmoja msomi aliyekuwa akishughulikia machapisho ya jimbo. Ulikaa kwake zaidi ya mwaka. Aliponiita alikuwa ameusoma kweli, kwa penseli, na pembeni alikuwa ameandika mambo mazuri. Ila sura ya nane, ile ya mstari wa ndoa, aliizungushia duara kubwa. Alisema hakatai kwamba mambo hayo yalitokea. Alichouliza ni yanamjenga nani. Msomaji atafunga kitabu akiwa amewachukia watu waliowakomboa wale watoto, wakati wao walikuwa wanafanya walichoona ni chema.

"Ilainishe, mwalimu," aliniambia. "Wape nafasi ya kupendana kwanza. Ukifanya hivyo, dibaji nitaiandika mimi."

Nikailainisha. Niliwaweka bustanini, nikawapa mazungumzo, nikampa kijana ua la kumpelekea msichana. Nilipomaliza nilijisikia kama mtu aliyemvalisha mama yake nguo ya kukodi. Nikaupeleka mswada tena, nikaambiwa yule padri amehamishwa, yuko masomoni nje ya nchi, na aliyepokea ofisi hakuwa na habari ya kitabu chochote. Nikarudi kwa dada wa steshenari kuomba sura ya zamani. Kompyuta yake ilikuwa imeingiwa na virusi, ikasafishwa, na kwenye flashi yangu nilikuwa nimefuta ya zamani kwa kuandika mpya juu yake. Daftari lenye sura hiyo nililitafuta wiki mbili. Mpaka leo sijui liliko.

Nikaiandika upya kwa kukumbuka. Wanaosema kitu cha kweli huwezi kukisahau hawajajaribu. Matukio niliyakumbuka yote, lakini ile sauti haikurudi. Ile ya kwanza niliandika bila kujua kama kuna mtu atasoma, na hii ya pili niliiandika nikijua nani atakasirika. Sura ya nane iliyo kitabuni leo ni hiyo ya pili. Watu wakiisifu huwa sijui niwaambie nini.

Nilipostaafu nikaamua kuchapa mwenyewe. Sehemu ya kiinua mgongo, ambayo wenzangu walijengea vyumba vya kupangisha, mimi niliipeleka Mbeya kwa mpiga chapa. Niliomba namba ya kitabu, nikasahihisha nakala ya majaribio mara tatu, nikapigana kuhusu jalada. Kijana wa kusanifu alikuwa ameweka picha ya msichana aliyesuka rasta, anacheka, ameitoa mtandaoni. Nikamwomba aiondoe. Akaweka msalaba na mnyororo uliokatika. Nikamwambia katika maisha ya yule bibi hakuna mnyororo uliokatika, alitoka mkono mmoja akaingia mwingine. Akasema kwa heshima kwamba jalada linatakiwa kuvuta macho. Nikakubali, maana nilikuwa nimechoka.

Maboksi yalikuja kwa basi. Nilifungua la kwanza pale pale stendi, nikatoa kitabu, nikafungua ukurasa wa kutabaruku. Nilikuwa nimeandika mstari mmoja tu, jina la mama yangu. Herufi ya kwanza walikuwa wameikosea. Vitabu vyote, maboksi yote, mama yangu alikuwa mtu mwingine.

Uzinduzi tulifanya kwenye ukumbi wa parokia baada ya misa ya pili. Kwaya iliimba, nikasoma kurasa mbili, watu wakapiga makofi, kisha wengi wakaelekea meza ya pili iliyokuwa ikiuza kalenda za mwaka mpya. Vitabu vilivyonunuliwa vingi vilinunuliwa na walimu wenzangu, kwa ubinadamu, nami nilijua hivyo wakati wanasubiri nisaini. Aliyenisaidia kuliko wote ni mzee mmoja Mwislamu mwenye duka la madaftari na vifaa vya shule mjini, ambaye alivipanga kwenye rafu ya mbele bila kuniomba chochote. Baada ya mwezi nilipita kumsalimu. Nikamwamkia, akaitikia, akanivutia kiti.

Akaniambia amekisoma chote. Akaniambia babu yake alifika huku na misafara hiyo hiyo, akiwa mpagazi kwanza, mfanyabiashara baadaye, na alioa hapa, akazikwa hapa. Akapanga kalamu kwenye kopo.

"Watu wako umewaandika kila mmoja na sura yake," alisema. "Watu wetu wote umewapa sura moja."

Hakusema kwa ugomvi. Alinitengenezea chai. Lakini nilitembea kurudi Chanji nikipitia kichwani ukurasa baada ya ukurasa, na kila nilipopita niliona anasema kweli. Miaka minane ya kuulizauliza, na sikuwa nimefikiria kumuuliza mtu kama yeye hata mara moja.

Nilibaki na tumaini moja. Mama hakusoma Kiswahili kwa urahisi, nami siku zote nilimwambia kitabu kikitoka nitamsomea mwenyewe. Katika miaka ya mwisho ya kuandika, kichwa chake kilikuwa kimeanza kuchoka. Alisahau sufuria jikoni, akaniita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Niliharakisha, lakini uchapaji hauharakishwi. Nilipofika Kate na kitabu alikuwa amekaa juani, amejifunika blanketi, na mwanamke niliyemwajiri kumtunza alikuwa akimsuka nywele zake chache. Nikakaa kwenye kigoda, nikamsomea kwa Kiswahili, nikitafsiri kwa Kifipa pale alipokunja uso.

Alisikiliza vizuri. Siku ile masikio yake yalikuwa na afya na macho yalinifuata. Nilimsomea mama aliyekaa njiani asiinuke. Nilimsomea vitambaa vya ufukweni. Nilipomaliza sura ya nane alivuta blanketi, akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeletewa habari za msiba wa mbali.

"Masikini binti huyo," alisema. "Ni wa wapi?"

Nikamwambia ni bibi yake. Akacheka kwa adabu, kama tunavyocheka mgeni anapokosea nyumba. Akasema bibi yake alikuwa Mfipa wa hapa hapa Kate, mwanamke mkubwa, mwenye ng'ombe. Nikamkumbusha maharage, upepo, komunyo. Akasema, "Si mimi niliyekwambia." Nilimtazama yule mtunzaji, naye akatazama nywele alizoshika. Sikusoma tena siku hiyo.

Kaka yangu mkubwa anaishi Matai, ni mtumishi wa serikali, na kanisani kwao ni mzee wa kigango. Nilikuwa nimempelekea kitabu chake, akakipokea, akakiweka juu ya televisheni. Nadhani hakukifungua mpaka alipopigiwa simu kutoka Kate. Jirani yetu wa upande wa bondeni, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akisogeza matuta yake kidogo kidogo kuelekea shamba la mama, alikuwa amepeleka shauri kwenye baraza la kata. Alidai shamba lote la juu ni la ukoo wake, na kwamba sisi ni watu wa kuja. Ushahidi wake ulikuwa riwaya yangu. Mwanawe aliinunua mjini.

Kaka alinipigia saa hiyo hiyo. Hakupaza sauti. Aliniambia kwamba mpaka jana watoto wake walikuwa Wafipa kama Wafipa wengine, na leo ni wajukuu wa watu walionunuliwa kwa vitambaa. Nikamwambia ndiyo kweli yenyewe, mama alinieleza. Akaniuliza mama yupi, huyu asiyejua hata mwezi huu ni wa ngapi? Akasema amemuuliza mwenyewe kwa simu, naye amekana.

"Mdogo wangu, umetunga," alisema. "Na barazani utasema umetunga. Shamba likienda, mama atazikwa wapi?"

Siku ya baraza nilisafiri asubuhi. Ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni na ulezi ulikuwa umevunwa. Watu walijaa kwenye ofisi ya kata mpaka wengine wakasimama dirishani, kwa sababu shauri la ardhi huku kwetu kila mtu anaona ni lake. Jirani alitoa kitabu changu kwenye mfuko wa nailoni. Alikuwa ameweka vijiti vya kiberiti kwenye kurasa alizotaka. Mwenyekiti wa baraza, mama wa makamo mwenye miwani, akamwambia katibu asome.

Katibu alisoma vizuri sana, lazima niseme. Alikuwa na sauti ya somo la kwanza kanisani. Alisoma ufukwe, akasoma vitambaa, akasoma mstari wa ndoa, na hata mbuzi wakilia nje niliwasikia. Pale uzinduzi watu walikuwa wanakohoa, wanatazama simu zao. Hapa hakuna aliyekohoa. Mwanamke mmoja aliyekaa karibu na mlango, mwembamba, mzee kuliko mimi, alishika ncha ya kitenge chake akafuta macho. Nilikuwa nimengoja miaka yote ile kuona mtu akisikiliza hivyo.

Mwenyekiti akaniita nisimame.

"Mwalimu, wewe ndiye umeandika. Mambo haya ni ya kweli, au umetunga?"

Kaka alikuwa amekaa mbele, viganja juu ya magoti, anatazama sakafu. Nilifikiri habari za shamba. Nilifikiri mama juani na blanketi lake, na kaburi la baba lililo nyuma ya nyumba. Sitaki kujipamba hapa. Nilifikiri pia kwamba hakuna hata mtu mmoja duniani aliyebaki wa kunitetea nikisema kweli.

"Nimetunga," nikasema.

"Yote?"

"Yote. Ni hadithi tu."

Jirani akapinga, akasema mwalimu anadanganya, na kwa neno hilo yeye peke yake mle ndani ndiye aliyekuwa anasema kweli. Mwenyekiti akamnyamazisha. Wakaitwa wazee wawili wa mipaka, wakaeleza mawe yalipo na nani alilima wapi tangu ujana wao, tukatoka wote hadi shambani tukayaona mawe, na kabla ya saa nane mchana baraza likasema mpaka ubaki ulipokuwa.

Watu walipotawanyika mwenyekiti alinishika mkono. Aliniambia nisiwe na wasiwasi, kile kitabu baraza lisingekipokea kwa namna yoyote, kwa sababu riwaya si ushahidi wa ardhi. "Nilikuuliza tu," alisema, "kwa sababu nilitaka kujua."

Nilikuwa bado nimesimama nikijaribu kuyameza hayo, yule mwanamke wa mlangoni akanifuata. Aliniamkia kwa Kifipa ingawa ndiye mkubwa, nami nikaona haya. Akaniuliza taratibu kama kweli nimetunga. Akasema bibi yake naye alipangwa mstari, na kwao jambo hilo lilisemwa mara moja tu, likafungwa. Alidhani labda nimewahi kukutana na mtu anayejua. Kaka alikuwa hatua mbili kutoka nilipo, akiongea na wazee wa mipaka, amenipa mgongo lakini sikio lake liko kwetu.

Nikamwambia yule mama, "Nimetunga, dada. Samahani."

Akaitikia kwa kichwa, akafunga kitenge chake vizuri, akashika njia ya kuelekea barabarani. Sikumwuliza anakaa wapi. Nimerudi Kate mara nyingi tangu hapo, nimeuliza, na kila ninayemweleza ananiambia wanawake wa namna hiyo ni wengi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kuungama. Nilimwambia padri kijana kwamba nilisema uongo mbele ya baraza. Alitaka kujua kama kuna aliyedhulumiwa. Nikasema shamba lilikuwa letu. Akaniuliza uongo wenyewe ulikuwa upi, nikamweleza, na nikasikia anatabasamu gizani mle. Akasema mtu anayeiita hadithi hadithi hajatenda dhambi kubwa. Akanipa Salamu Maria tatu. Nilizisali, nikatoka, na miezi kadhaa sikuweza kwenda komunyo. Si kwamba nilikatazwa. Nilifika mpaka kwenye mstari, miguu ikakataa.

Kaka ananipigia sasa, kila mwisho wa wiki, kuuliza hali ya mama, maana nimemhamishia kwangu Chanji. Kitabu hatukitaji. Kwenye simu huwa mchangamfu kupita kawaida yake, na mimi humjibu hivyo hivyo.

Mzee wa duka alinirudishia vitabu vilivyobaki baada ya kuvikalisha mwaka mzima, akaniomba radhi, nikamwambia hana kosa. Niliviweka kwenye chumba cha nje pamoja na magunia ya mahindi. Mvua za mwaka jana paa lilivuja upande ule. Nilipoingia kukagua nilikuta boksi la chini limelowa, kurasa zimeshikana, na panya wametengeneza kiota kwenye jingine, ingawa yaliyobaki yalikuwa mazima. Nilihamisha mahindi kwanza.

Mwezi uliopita alinipigia mwalimu wa sekondari moja ya Nkasi, binti, kwa sauti inaonekana hana muda mrefu kazini. Alikuwa amekuta nakala isiyo na jalada kwenye maktaba yao, hajui imefikaje. Wanafunzi wake wanaisoma kwa kupokezana, na wanauliza kama yule msichana aliishi kweli. Aliomba nakala kumi, na kama ningeweza, niende kuzungumza nao.

Mama alikuwa ameamka, ananiita kwa jina la dada yake. Nikamwambia yule mwalimu kwamba vitabu vimekwisha. Akasema pole, akanitakia siku njema, nami nikaenda kumpa mama uji.